Mpwa Wangu Anafunga Ndoa Bomani

Mpwa wangu alipompigia bibi yake simu kumwarifu kwamba yeye na mchumba wake watafunga ndoa bomani, upande wa pili ulinyamaza kwa muda. Kisha bibi akauliza, "Bomani? Na ng'ombe mtawatoa kwanza, au mtabanana nao humo humo?"

Hadi leo sijui kama alitania. Mama yangu ni Msukuma wa Misungwi, ana miaka themanini na kitu, na watu wa umri wake wanaweza kukuvunja mbavu huku wao wamekunja uso. Lakini swali lile liliniganda. Kwake yeye boma ni duara la minyaa na miiba ambamo ng'ombe hulala. Kwa mpwa wangu, aliyezaliwa Kirumba, mjini Mwanza, na ambaye maziwa anayajua yakiwa kwenye pakiti, boma ni ofisi ya mkuu wa wilaya: dawati, daftari kubwa, tangazo la siku 21 ili mwenye pingamizi ajitokeze, na mhuri. Neno ni moja, ukoo ni mmoja, lakini kati ya bibi na mjukuu kimepita kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekiona kikipita.

Kilichopita ni ngome. Ukisimama katikati ya jiji la Mwanza ukainua macho, utaona kilima chenye mawe makubwa kama vilima vyetu vyote, na juu yake nyumba ya Kijerumani iliyochoka. Kilima kilipewa jina la Robert Koch, yule daktari aliyekuja ziwani mwaka 1906 kutafiti malale. Nyumba huitwa kwa jina la Gunzert, aliyekuwa mtawala wa wilaya katika miaka ya mwisho ya Wajerumani. Mtoto anayeuza karanga chini yake hana habari na Koch wala Gunzert, na sioni anapungukiwa na nini. Nilipanda kule Jumapili moja baada ya simu ya mama, nikatafuta jiwe lenye kivuli, nikakaa. Ukiwa juu pale huhitaji kusomea ujeshi ili uelewe. Ghuba yote iko miguuni pako. Kila mtumbwi unaoingia unauona kabla wenye mtumbwi hawajakuona. Mahali pale palichaguliwa na mtu mwenye bunduki na mwenye woga, na katika kazi hiyo viwili hivyo hutembea pamoja.

Siku hizi kilima kinachoutazama mji kutoka juu ni Bugando, na kilichojengwa juu yake ni hospitali, iliyofunguliwa mwaka 1971. Sijui mji mwingine wenye badiliko zuri kuliko hilo. Lakini hilo ni la pembeni.

Woga ule ulikuwa wa nini? Wajerumani walijipanga kando ya ziwa kwa haraka. Mwishoni mwa mwaka 1890 Emin Pasha alianzisha kituo cha Bukoba. (Huyu Emin ni hadithi peke yake: alizaliwa Eduard Schnitzer kule Silesia, akajipa jina la Kituruki, akawa gavana wa jimbo la Ikweta chini ya Misri, akauawa Kongo mwaka 1892. Alikuwa mtu wa mipakani tangu utosini hadi unyayoni.) Mwanza ikafuata, kisha Shirati, hatua chache kutoka kwa Waingereza, na baadaye Ikoma, kule nyikani jirani na Serengeti. Vyote hivyo wenyeji waliviita boma. Neno lilikuwapo kabla ya ukuta. Kwenye njia za misafara za Unyamwezi na Usukuma, boma lilikuwa ua wa magogo na miiba uliozungushiwa kijiji au kambi ya usiku. Mgeni alipojenga kwa mawe na kuacha matundu ya kutolea mitutu, watu walitazama, wakaona ni ua, wakauita ua. Nadhani kulikuwa na utani hapo ambao mwenye ukuta hakuusikia.

Ukuta wenyewe ulilinda mstari. Tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba ambao watu wengi wanaukumbuka kwa sababu ya Zanzibar na kale kakisiwa ka Heligoland. Ndani ya mkataba huo huo ziwa letu lilikatwa: mpaka ulipita juu ya maji kwenye digrii moja kusini ya ikweta, ukaendelea magharibi hadi Kongo. Upande wa mashariki, kuanzia ufukweni kushuka kuelekea Kilimanjaro na pwani, walikwisha kuchora tangu 1886. Rula haijui kwamba Mkuria ana shamba huku na shemeji kule. Haikuujua hata mto Kagera, ikaupita na kuacha kipande cha nchi upande wa pili wake. Hivyo watu wa ziwani, waliokuwa katikati ya dunia yao wenyewe, wakaamka siku moja wakiwa ukingo wa kaskazini wa dola ya mtu mwingine.

Kuna ukingo mwingine wa kaskazini wa dola ulioandikwa sana, na nikiwa pale juu ya jiwe nilijikuta nikiufikiria. Mwaka 122, kaisari Hadrian wa Rumi aliamuru ujengwe ukuta kaskazini mwa Uingereza, kutoka bahari hadi bahari, urefu wa kilomita 117. Mwandishi mmoja wa kale aliyesimulia maisha ya makaisari aliumaliza ukuta huo kwa maneno machache tu: uliwekwa kuwatenga Warumi na washenzi. Ni maelezo yanayoridhisha, ila ukuta wenyewe unayakanusha. Kila maili ya Kirumi, yaani karibu kila kilomita moja na nusu, wajenzi waliweka ngome ndogo, na kila ngome ndogo wakaitoboa milango miwili, mmoja wa kutazama kusini na mwingine wa kutazama kaskazini. Anayeogopa kuvamiwa hatoboi ukuta wake mara themanini. Milango ile ilikuwepo kwa sababu watu walipaswa kupita, na wakipita waonekane, waulizwe, wahesabiwe, watoe chochote. Sina shaka kwamba walikuwepo wezi wa mifugo waliozuiwa na mawe yale. Lakini walio wengi waliokutana na ukuta ule hawakuja kuupigania. Walikuja na kondoo wao, wakapanga foleni.

Foleni! Hapo ndipo nilipomwelewa mpwa wangu na tangazo lake la siku 21. Mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya kibanda, na boma likapata kazi yake ya kweli. Mizinga ilielekezwa ziwani, lakini aliyetingisha nchi alikuwa karani na daftari lake. Mzee aliyewahi kutawaliwa na mtemi, ambaye alimpelekea mtama kwa sababu alimjua uso na ukoo, sasa alikwenda bomani na rupia kwa sababu kibanda chake kilikuwa na mstari kwenye karatasi. Asiyekuwa nayo alilipa kwa mikono yake, akachimba barabara. Tangu siku hizo hadi leo, mtu anapokwenda bomani huenda kuandikwa. Ukuta ukaanguka, uandishi ukabaki. Mpwa wangu anapoandikwa pale na mchumba wake, kwa hiari na kwa furaha, anasimama kwenye foleni ambayo babu wa babu yake alisimamishwa kwa kiboko.

Nataka kukaa kidogo na waliokuwa ndani ya ngome, kwa sababu vitabu vyetu huwaruka. Mwaka 1973, kwenye ngome ya Vindolanda, jirani na ukuta wa Hadrian, wachimbaji walianza kufukua vibao vyembamba vya mti vyenye wino, vilivyohifadhiwa na matope kwa takriban miaka 1900, ambavyo ni vikongwe kuliko hata ukuta wenyewe. Si matangazo ya vita. Mke wa ofisa mmoja, Claudia Severa, anamwalika rafiki yake Sulpicia Lepidina kwenye sherehe ya siku yake ya kuzaliwa. Mtu fulani anatumiwa soksi na nguo za ndani. Ofisa mwingine anaomba bia iletwe kwani vijana wake wameishiwa. Na kwenye kibao kimoja wenyeji wa nchi ile wanatajwa kwa neno la kuwadogosha, kama mtu anavyosema "vijitu hivi".

Wengi wa walioishi pale hawakuwa watu wa mji wa Rumi kabisa. Walitoka nchi zinazoitwa leo Uholanzi na Ubelgiji, wengine Syria. Karne ya tatu, upande wa magharibi wa ukuta, mahali paitwapo Burgh by Sands, kulikuwa na kikosi cha Wamori kutoka Afrika ya Kaskazini. Naye kaisari Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, alikwenda mwenyewe kupigana kaskazini ya ukuta ule, akafia York mwaka 211. Mwafrika alifika kwenye baridi ile akiwa askari na akiwa kaisari. Huwa nawaambia haya vijana wanaodhani tulianza kufika Ulaya kwa ndege.

Basi rudi Mwanza uangalie nani alisimama lindo. Mwaka 1889, katika vita dhidi ya Abushiri na waasi wenzake wa pwani, kamanda wa Kijerumani Wissmann aliajiri mamia ya Wasudani mjini Cairo, watu ambao jeshi la Misri lilikuwa limewaacha bila kazi, akaongeza vijana kutoka kusini mwa Msumbiji. Jeshi lililotokana na hao ndilo lililopanda bara na kukaa kwenye mabomba, samahani, maboma (kalamu nayo ina utani wake) ya ziwani. Baadaye wakaingia Wamanyema, Wanyamwezi, na Wasukuma wenyewe. Fikiria askari wa Nile, mwenye umri wa kuwa na wajukuu, amekaa juu ya jiwe hili nililokalia, analinda mpaka wa Berlin dhidi ya London, kwenye ziwa ambalo maji yake, yakiwa na subira, yatafika kwao kabla yake. Lugha ya amri ilikuwa Kijerumani, lakini lugha ya kuishi ilikuwa Kiswahili. Na katika Kiswahili kile cha bomani, watu wa nje ya ukuta walikuwa na jina lao: washenzi. Mama yangu hulikumbuka neno hilo kama tusi alilosikia utotoni, na alilisikia kutoka kwa watu weusi kama yeye. Ningetoa mengi kupata kibao kimoja tu kutoka bomani Mwanza, chenye habari za soksi na pombe na siku ya kuzaliwa. Nadhani ndani ya kibao hicho ningemkuta mtu ambaye hakuwa ndani wala nje ya chochote, amepewa ukuta ili apate pa kuegemea.

Ngome hizi hazikudumu. Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu, wakaishambulia Bukoba kwa siku mbili. Miongoni mwao kilikuwamo kikosi kilichojiita kwa jina la watu wa mipakani, na ndani yake mwindaji Frederick Selous, mzee wa miaka 63. Waliangusha mnara wa redio, wakaharibu boma, wakapora mji, wakapanda meli wakaondoka. Ndiyo, wakaondoka! Walichokuwa wamekifuata kilikuwa ule mnara. Mawe yaliyopangwa kwa miaka ishirini na zaidi yalikuwa yamepitwa na waya. Mwaka uliofuata, Julai 1916, Mwanza nayo ikachukuliwa. Robo ya karne tu. Warumi nao walikuwa na robo ya karne yao: mwaka 142 walianza ukuta mwingine mbele ya ule wa Hadrian, kaskazini zaidi, na baada ya miaka kama ishirini wakauacha wakarudi nyuma. Mawe ya ukuta wa Hadrian wakulima waliyajengea nyumba na mazizi. Karne ya 18 serikali ya Uingereza yenyewe ikaponda sehemu yake kuwa kokoto za barabara ya jeshi. Zizi likarudi kuwa zizi. Mama angefurahi.

Kama mawe hayadumu, hudumu nini? Jumamosi moja, kwenye kibanda umiza cha Kirumba, nilipata jibu la nusu. Mmeingia mia mahali pa kukaa arobaini, joto, kelele, na nusu ya waliomo wana mikeka yao ya kubeti mfukoni. Wanapiga kelele za Manchester. Wanaitaja Leicester, ambayo mwaka 2016 ilichana mikeka ya dunia nzima. Hayo ni majina ya kambi za Kirumi. Ule mkia wa neno, katika Manchester, katika Leicester, katika Lancaster, ni neno la Kilatini la kambi ya askari, lililotafunwa na wenyeji kwa karne nyingi mpaka likabaki sauti tu. Dola ikafa, jeshi likaondoka, na jina la kambi linapigiwa kelele Kirumba na kijana aliyevaa jezi feki, ambaye angekutana na askari wa kambi hiyo asingejua ni nani.

Na Kiswahili? Kiswahili kina koo pana kuliko Kiingereza. Neno "gereza" lilitoka kwa Wareno, na kwao lilikuwa na maana ya kanisa. Kanisa lilikuwa ndani ya ngome, ngome ikaitwa gereza, kisha ngome ikatumiwa kufungia watu, na sasa ukisema gereza hakuna anayefikiria misa. Neno "ngome" limebaki na jeshi, na makao makuu ya jeshi letu huitwa hivyo. "Ikulu" ilikuwa makazi ya mtemi huku kwetu, nyuma ya ua wake. Leo iko Dar es Salaam na Dodoma, ina bendera na askari, na mtu wa pwani analitamka neno la bara bila kujua amelikopa. Na "boma" likatoka kwa ng'ombe, likaenda vitani, likarudi na mhuri na shada la maua. Ukiyapanga maneno hayo kwa safu unaona watu wasio na bunduki walivyoshughulika na ngome. Hawakuzibomoa. Walizitamka mpaka zikalainika.

Ningependa kuishia hapo, kwa sababu ni habari ya kufurahisha na ingenipa usingizi. Tatizo ni ule mstari.

Jirani yangu mmoja alikuwa mvuvi wa sangara kabla mgongo haujamkataza. Aliniambia kwamba usiku mmoja injini ilizima, upepo ukawachukua, wakalala kwa zamu, na kulipopambazuka walikuwa nchi nyingine. "Mjomba," akasema (huniita hivyo kwa sababu mkewe ni wa kwetu), "hakukuwa na kitu cha kuvuka. Maji ni yale yale. Samaki ni wale wale. Ila jamaa waliotukuta walikuwa na bunduki na kimashine mkononi, na kimashine kinasema tumekosa." Wiki tatu walikaa ndani. Nyavu hazikurudi.

Digrii moja kusini ya ikweta. Mkataba wa 1890 umewazika wote walioutia saini na dola zao zote mbili. Nyumba ya kilimani Mwanza imechoka, boma la Ikoma ni magofu, ingawa liliwahi kugeuzwa hoteli ya watalii. Mstari uko pale pale majini, mpya kama jana, na kwa kuwa haukujengwa kwa kitu chochote, hauna kitu cha kuanguka. Ukuta wa mawe una uungwana wake: unajionyesha. Unaona umefika, unaona mlango, unamwona mtu wa kumsihi. Ukuta wa Hadrian leo uko wote ndani ya Uingereza, Scotland ikiwa na mpaka wake mwingine kaskazini. Kondoo wanaupanda upande huu wanashukia ule. Ulipochakaa watu waliona umechakaa, wakachukua mawe. Mstari wa rula hauchakai.

Wala siwezi kusema kirahisi kwamba ufutwe. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera, daraja la Kyaka likavunjwa, na Amin akatangaza kwamba nchi yote hadi mtoni ni yake. Ukiitoa hoja yake kwenye damu iliyoizunguka, utaona ilikuwa hoja ya mtu wa ngome: mto unaonekana, mto unalindika, basi mpaka uwe mto. Miaka 14 kabla yake, mjini Cairo, viongozi wa Afrika walikuwa wamekubaliana kwamba mipaka tuliyorithi ibaki ilivyo, kwa kujua kwamba ukianza kusahihisha rula moja utazisahihisha zote, na kwa silaha. Nyerere alikuwa mmoja wa waliosimamia hilo kwa nguvu. Basi tukaenda vitani kwa ajili ya mstari uliochorwa Berlin na watu ambao hawakuwahi kunywa maji ya Kagera. Wapo waliokufa ambao nyumba zao nazijua. Sioni kwamba tulikosea. Upande wa kaskazini wa mto kulikuwa na watu, na kwa miaka themanini na zaidi walikuwa wamezaa, wamezika na wamelima ndani ya mstari ule, mpaka ukawa wao kwa namna ambayo Berlin haikuikusudia. Hilo nalo ni aina ya kulainisha, ila hugharimu zaidi ya ulimi.

Vita ile ilitufikia Mwanza mara moja kwa namna ambayo hakuna mwenye ngome angeiota. Mwaka 1979 ndege ya Libya, iliyotumwa kumsaidia Amin, ilikuja kulipua matangi ya mafuta ya mji wetu. Ikakosa. Makombora yakaangukia hifadhi ya wanyama kwenye kisiwa cha Saanane, akajeruhiwa mfanyakazi mmoja na wakafa swala. Kutoka nchi ya Septimius Severus hadi kwa swala wa Saanane! Nilikuwa mdogo, na kilichobaki kichwani ni mama akituingiza chini ya kitanda, kana kwamba kitanda ni boma.

Pengine ilikuwa kweli ni boma. Minyaa ya kwetu haizuii mtu. Ina utomvu unaochoma macho, ndiyo, lakini mwizi mwenye nia hupita. Kinacholinda ng'ombe wa Msukuma ni mwano, ule ukelele unaopigwa usiku na kupokewa kutoka nyumba hadi nyumba, hadi kilima cha tatu wanaume wameamka na mishale. Kuanzia mwaka 1981, vijiji vya Usukuma na Unyamwezi vilipochoshwa na wizi wa ng'ombe na kuchoshwa kusubiri, viliupa mwano huo mpangilio, vikauita sungusungu, kwa jina la wale siafu weusi. Wizi ulipungua. Wageni wa vyuo vikuu walikuja kuandika juu yake. Nilijivuna: hii ndiyo ngome isiyo na jiwe, nikasema, ngome ya watu.

Kisha ngome ya watu, ilipokosa wezi wa kutosha, ikageuka ikatazama ndani. Vikongwe wakaanza kuitwa, wakahojiwa, wakapigwa, wakafukuzwa vijijini kwa uchawi, na katika miaka ile na iliyofuata wengi waliuawa kwa mapanga Usukumani, na ushahidi ulikuwa macho yao mekundu. Macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe walichopikia maisha yao yote. Hapakuwa na Mjerumani hapo, wala Mrumi. Duara lilikuwa letu, miiba ilikuwa yetu, na tulijua kila mtu aliyekuwa ndani kwa jina. Bado tulimpata mshenzi, tukampata kwenye kiti cha bibi jikoni.

Mama yangu ana macho mekundu. Aliingia mjini siku ya ndoa kwa haisi ya asubuhi, amevaa kitenge kipya, na mpwa wangu akaenda kumpokea stendi. Ofisini walitukaribisha vizuri. Afisa aliuliza kama kuna mwenye pingamizi, sote tukageuka kumtazama mama, naye akafurahia kutazamwa, akachelewa makusudi kabla ya kutikisa kichwa. Wakatia saini. Mashahidi tukatia saini. Mhuri ukalia.

Tulipotoka alikuwa amesimama mlangoni, anapapasa ubao wa mlango kama mtu anayepima ng'ombe wa kununua.

"Usiku mnafunga na nini?" akamuuliza mlinzi.

"Kufuli, bibi," mlinzi akasema, akalitoa mfukoni.

Mama akalipokea, akalipima uzito mkononi, akalirudisha. Akamwambia kwao wanafunga kwa tawi la mgunga, unaliburuta kwa shina, miiba ikiwa upande wa nje. Asubuhi anayeliondoa ni mtoto mdogo kuliko wote, kwa sababu ng'ombe hawamwogopi.

"Na mvua ikinyesha?" mlinzi akauliza. Alikuwa kijana wa mjini, lakini alikuwa anauliza kweli.

"Unaliondoa na mvua," mama akasema. "Watakaa humo mpaka lini?"